Tuyaelewe Maneno ya Mkopo Kabla ya Kutia Sahihi

Hakuna siku ipitayo bila mwananchi fulani, awe wa mjini au wa kijijini, kuketi mbele ya meza ya mkopeshaji na kutia sahihi karatasi ambayo ama hakuisoma, ama aliisoma asiielewe. Huyo aweza kuwa mwenye duka la rejareja, mkulima wa korosho, fundi seremala, mama lishe au mwalimu wa shule ya msingi. Analolijua ni jambo moja tu, nalo ni kiasi cha fedha atakachopewa. Mengine yote, yaani namna riba itakavyohesabiwa, ada zitakazokatwa, siku ya kuanza kulipa na hatima ya nyumba aliyoiweka dhamana, humwachia yule aliyeiandika karatasi hiyo. Miezi michache baadaye dalali wa mnada anapobisha hodi, ndipo mwananchi huyo hutambua kwamba maneno yale madogo aliyoyapita haraka haraka ndiyo yaliyokuwa mkopo wenyewe.

Nia ya makala haya si kuwatisha wananchi wasikope. Biashara isiyokopa hukua polepole mno, na nyingine hufa kabla ya kukua. Nia ni kusema wazi kwamba mkopaji asiyeyaelewa maneno ya mkataba wake hajakubaliana na mtu, amenaswa tu. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakutuambia kuwa kukopa ni dhambi. Walitaka tujue kwamba furaha ya siku ya kupokea fedha haifanani na uzito wa siku ya kurejesha, na kwamba mwenye busara huitafakari siku ya pili angali katika ile ya kwanza.

Jambo hili la kukopa si geni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara iliendeshwa kwa mali ya mkopo. Hata Tippu Tip mwenyewe alipata bidhaa zake kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, akiwemo Taria Topan. Huko Unguja na Pemba mashamba ya karafuu yaliwekwa rehani kwa miaka mingi, hata kufikia miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba yakawa mazito kiasi kwamba mnamo 1934 serikali ya kikoloni ilitunga amri ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie ovyo mikononi mwa wengine. Tanganyika nako, sheria ya kikoloni ya 1931 ilimwekea Mwafrika mipaka ya kukopa kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika: deni lililotolewa bila idhini ya serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kumlinda Mwafrika. Matokeo yake yalikuwa kumfungia nje ya mlango wa biashara.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa, na mwaka 1971 ikaanzishwa benki ya maendeleo vijijini. Mwaka 1991 sheria mpya ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha iliyowapanga wakopeshaji wadogo katika madaraja manne, tangu mabenki na taasisi zinazopokea amana, makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, hadi vikundi vya kijamii. Leo basi tatizo la mwananchi si kukosa mahali pa kukopa. Wakopeshaji wamejaa, wengine wamo ndani ya simu yake ya mkononi. Tatizo lake ni kutojua anakubali nini. Hebu tuyatazame maneno hayo moja moja.

RIBA YA NAMNA MBILI

Neno la kwanza ni deni la msingi, yaani zile fedha zenyewe ulizokopa. La pili ni riba, yaani kodi unayolipa kwa kuzitumia fedha za mwenzio. La tatu ni rejesho, yaani kiasi unachopaswa kulipa kila wiki au kila mwezi, ambamo ndani yake mna sehemu ya deni la msingi na sehemu ya riba. Maneno hayo matatu wengi wetu tunayafahamu. Tusilolifahamu ni kwamba riba yenye tarakimu ile ile yaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Tuchukue mfano. Ndugu mmoja amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza huhesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Kila mwezi riba ni shilingi 24,000, hata mwezi wa mwisho ambapo mkopaji amebakiza deni la msingi la shilingi 100,000 tu. Kwa mwaka mzima atalipa riba ya shilingi 288,000. Mkopeshaji wa pili huhesabu riba juu ya salio, yaani deni lililobaki. Mkopaji akipunguza shilingi 100,000 za deni la msingi kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza itakuwa shilingi 24,000, ya mwezi wa pili 22,000, na kuendelea hivyo hadi mwezi wa mwisho atakapolipa riba ya shilingi 2,000. Jumla ya riba yote ni shilingi 156,000.

Tofauti ni shilingi 132,000. Wote wawili wametangaza asilimia 2, na wote wawili wamesema kweli. Lakini ukiipima riba ya yule wa kwanza kwa kipimo cha yule wa pili, utakuta kwamba inakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo basi, swali la kuuliza si "riba ni asilimia ngapi?" peke yake. Swali ni "asilimia hiyo inahesabiwa juu ya nini, na kwa muda gani?" Wapo wanaotangaza riba ya mwezi, wapo wanaotangaza ya mwaka, na wapo wanaotangaza ya wiki. Asilimia 5 kwa mwezi masikioni ni ndogo kuliko asilimia 20 kwa mwaka. Katika hesabu ni kubwa mara tatu.

Riba nayo yaweza kuwa ya kudumu, isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa mkataba, au yaweza kuwa ya kubadilika, inayopanda na kushuka kwa kufuata kipimo fulani kilichotajwa. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza riba yake, ambayo ilianza kwa asilimia 5.5, ikapandishwa kuwa asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo huo, na mwezi Julai 2025 ikashushwa kuwa asilimia 5.75. Wapo waliokwenda kwenye mabenki wakidai wakopeshwe kwa kiwango hicho. Yafaa ieleweke kwamba hiyo ni riba inayoongoza mikopo kati ya Benki Kuu na mabenki, wala si riba ya mwenye duka. Riba za mabenki kwa wakopaji katika miaka ya 2024 na 2025 zilikuwa kwa wastani zipatazo asilimia 15 kwa mwaka. Anayetia sahihi mkataba wa riba ya kubadilika hana budi kuuliza inabadilika kwa kufuata kipimo gani, na ataarifiwa lini kabla ya kubadilika.

ADA ZISIZOITWA RIBA

Baada ya riba huja ada. Ipo ada ya maombi, ipo bima ya mkopo, ipo gharama ya kuthamini mali, na ipo gharama ya kuandika mkataba. Kila moja ikisimama peke yake yaonekana ndogo. Tumrudie ndugu yetu wa shilingi 1,200,000. Akikatwa ada ya asilimia 2, ambayo ni shilingi 24,000, na bima ya 12,000, na mkataba wa 14,000, atatoka ofisini na shilingi 1,150,000 mfukoni. Lakini riba atailipa juu ya shilingi 1,200,000. Amelipia hata fedha ambazo hakuzishika.

Kwa ajili hiyo neno la maana kuliko riba ni gharama yote ya mkopo. Mkopaji achukue karatasi, aandike upande mmoja fedha atakazozipokea mkononi, na upande wa pili jumla ya fedha zote atakazozitoa mpaka siku ya mwisho. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo bei ya mkopo, liwe jina lake riba, ada, bima au huduma. Mkopeshaji mwaminifu hatachukia kuulizwa swali hilo, na anayelichukia amekwisha kulijibu.

MUDA NA MSIMU

Neno muda nalo lina mitego yake. Mikopo ya biashara ni ya aina nyingi, lakini kwa jumla ipo ya kuzungushia biashara, kama vile kununua shehena ya bidhaa na kuiuza, na ipo ya kununulia vitu vya kudumu, kama vile mashine, gari au jengo. Ya kwanza yafaa iwe ya muda mfupi kwa sababu bidhaa hurudisha fedha upesi. Ya pili yataka muda mrefu. Kosa linalowaangusha wafanyabiashara wengi ni kuchukua mkopo wa muda mfupi kununulia kitu cha kudumu. Mtu akikopa shilingi 9,000,000 za kununulia mashine ya kukoboa, na mkopo wenyewe ni wa miezi 6, atatakiwa kurejesha shilingi 1,500,000 kila mwezi kabla hata ya riba. Ikiwa mashine inamwingizia faida ya shilingi 400,000 kwa mwezi, itahitaji zaidi ya miezi 22 ili ijilipe. Mashine ni nzima na wateja wapo, lakini mwenyewe atafilisika. Kilichomfilisi ni kalenda.

Mkulima ndiye anayeumizwa zaidi na jambo hili. Korosho haivunwi kila mwezi, wala mpunga hauvunwi kila wiki. Mkopo unaomtaka mkulima alipe kila mwisho wa mwezi, ilhali yeye hupata fedha mara moja kwa mwaka, humlazimisha kukopa kwingine ili alipe, au kuuza mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, una maana kubwa. Mazao yaliyopimwa na kuhifadhiwa ghalani yaweza kuwa dhamana yenyewe, na deni likalipwa yanapouzwa. Huo ni mkopo unaoitambua saa ya shamba.

Kuna pia neno linaloitwa muda wa neema, yaani kipindi ambacho mkopaji hatakiwi kuanza kurejesha. Neno ni zuri, na neema yenyewe si ya bure. Mara nyingi katika kipindi hicho riba huendelea kuhesabiwa. Kwa mkopo wa shilingi 6,000,000 wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi sita ya neema yaweza kuongeza deni la shilingi 540,000. Si vibaya kuichukua neema hiyo ikiwa mradi unahitaji muda wa kusimama. Vibaya ni kuichukua ukidhani ni zawadi.

DHAMANA, REHANI NA MDHAMINI

Dhamana ni kitu anachokitoa mkopaji ili mkopeshaji asipolipwa akitumie kujilipa. Dhamana yaweza kuwa mali inayohamishika, kama gari au mashine. Ikiwa ni nyumba au ardhi, huitwa rehani. Anayeweka nyumba yake rehani haipotezi siku hiyo. Anaendelea kuishi humo. Lakini amempa mwingine haki ya kuiuza siku deni litakaposhindikana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kifungu hicho ni ngao ya familia nzima. Ni jambo la aibu kwamba wapo waume wanaoficha ridhaa hiyo, wapo wanaoigushi, na wapo wanaowaleta wake zao kutia dole gumba bila kuwaambia wanatia dole gumba katika nini. Mama aliyeijenga nyumba kwa miaka kumi ana haki ya kujua kwamba nyumba hiyo imekuwa reheni ya pikipiki mbili.

Kisha yuko mdhamini. Katika desturi zetu mtu akiombwa kuwa mdhamini hujiona ameheshimiwa, akatia sahihi kwa ajili ya ujamaa, ujirani au udugu. Wengi hudhani kwamba wamethibitisha tu tabia njema ya mwenzao. La hasha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, wajibu wa mdhamini ni sawa na wajibu wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mkopaji akitoroka, anayefuatwa ni mdhamini. Katika mikopo ya vikundi kila mwanakikundi ni mdhamini wa mwenzake, na ndiyo sababu akina mama wengi wamejikuta wakilipa madeni ya mwenzao aliyehama mtaa usiku. Anayeombwa kudhamini na ajiulize swali moja: je, ningeombwa kulilipa deni hili mimi mwenyewe, ningeweza? Kama hawezi, kukataa mapema ni heshima kubwa kuliko ugomvi wa baadaye.

DENI LINAPOSHINDIKANA

Biashara ina misukosuko. Mvua hukatika, soko huungua, mtoto huugua. Mkopaji aliyechelewa hutozwa faini, na faini hiyo ikiongezwa juu ya deni, nayo yaweza kutozwa riba. Hapo ndipo deni huanza kuzaa. Wengi wakifikia hapo huzima simu na kuikwepa njia ipitayo mbele ya ofisi ya mkopeshaji. Hilo ni kosa kubwa. Wakati wa kuzungumza ni kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, kwa maana yapo maneno mengine ambayo mkopaji hana budi kuyajua: kubadili masharti ya mkopo, kuongeza muda, kupunguza rejesho. Si msaada wa bure, kwani muda ukirefuka riba nayo hurefuka, lakini ni afadhali kuliko mnada.

Na hata mnada una sheria zake. Kwa rehani za ardhi Tanzania Bara, mkopeshaji hana budi kumpa mkopaji notisi ya maandishi na kumwachia siku 60 za kurekebisha kosa lake kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Tena anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri iwezekanavyo. Mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa bei za mali za namna hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka ithibitishwe vingine, na mkopaji aweza kwenda mahakamani. Ni wangapi miongoni mwa waliouziwa nyumba zao walioyajua hayo? Ni wangapi waliopokea notisi wakaiweka chini ya godoro kwa sababu iliandikwa kwa lugha wasiyoijua?

KAUSHA DAMU

Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya aina fulani jina linalosema yote: kausha damu. Hiyo ni mikopo ya harakaharaka, isiyo na mkataba wa maana, inayotolewa mchana na kudaiwa usiku. Mtu hukopa shilingi 100,000 akatakiwa arejeshe 130,000 baada ya mwezi. Akishindwa, huambiwa alipe riba tu, shilingi 30,000, na deni lisogee mbele. Kwa mwaka mmoja atakuwa amelipa shilingi 360,000, na zile 100,000 zingali pale pale. Na kama hakulipa kitu, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya miezi 12 shilingi 100,000 zitakuwa zimepita 2,300,000. Hakuna genge la chakula wala duka la vitenge liwezalo kuzaa faida ya namna hiyo. Wapo hata watumishi waliokabidhi kadi zao za benki pamoja na namba za siri, mshahara ukawa unaingia kwa jina lao na kutoka kwa mkono wa mwingine.

Ndani ya simu nako mambo hayatofautiani sana. Mkopo wa shilingi 50,000 unaorejeshwa kwa 55,000 baada ya siku 14 huonekana mwepesi, na tena huambiwi kuwa ni riba. Huambiwa ni ada. Lakini anayeurudia mkopo huo mwaka mzima atakuwa amelipa ada mara 26, yaani shilingi 130,000, kwa ajili ya shilingi 50,000 zile zile. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mwenye kukopa aanze na swali hili: huyu anayenikopesha ana leseni? Asiye na leseni hana wa kumwajibisha, na mkopaji wake hana pa kushtaki kwa urahisi.

TUFANYE NINI?

Yapo yanayowahusu wakopeshaji na wasimamizi wao, na yapo yanayotuhusu sisi. Kwanza, mkataba wa mkopo hauna budi uwe katika Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu anatakiwa kuamua kwa Kiswahili, ni sababu gani ya haki inayomfanya muuza mkaa atie sahihi kwa Kiingereza? Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya fedha. Riba, rehani, dhamana, amana, hawala, mnada na dalali vilikuwa vikitamkwa katika masoko ya Unguja, Bagamoyo na Kilwa kabla ya benki ya kwanza ya kizungu kufungua mlango wake hapa. Maneno hayakupungua. Kilichopungua ni nia.

Pili, kila mkopaji apewe jedwali la marejesho, karatasi moja inayoonyesha tarehe, kiasi cha kulipa, sehemu ya deni la msingi, sehemu ya riba, na salio baada ya kila rejesho. Juu yake iandikwe kwa tarakimu kubwa: utapokea kiasi hiki, utalipa jumla kiasi hiki. Tatu, aruhusiwe kwenda na mkataba nyumbani akalale nao angalau usiku mmoja kabla ya kutia sahihi. Mkopo mzuri hauharibiki kwa kungoja hadi asubuhi. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Kanuni hizo zitakuwa na maana pale tu zitakapofika kwenye meza ile ambako sahihi hutiwa.

Kwa upande wetu, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara asiyejua faida yake ya mwezi hawezi kujua rejesho analoliweza. Tusikope kwa ajili ya sherehe tukasema ni biashara, wala tusikope kwa mmoja ili kumlipa mwingine. Tukumbuke kwamba taarifa za mikopo siku hizi huhifadhiwa na taasisi maalumu, na anayekimbia deni dogo la leo aweza kunyimwa mkopo mkubwa wa kesho. Palipo na njia nafuu tuitumie kwanza: chama cha akiba na mikopo ambacho sisi wenyewe ni wanachama, au, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo kwa sheria hukopeshwa bila riba. Lakini hata mkopo usio na riba ni mkopo. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, na miongoni mwa sababu ni fedha zisizorejeshwa. Anayezila fedha za kikundi ameila nafasi ya kikundi kinachofuata.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halibishaniwi. Lakini ili mtu alipe, hana budi awe alijua tangu mwanzo anadaiwa nini, na nani, kwa hesabu gani, hadi lini. Mkopeshaji anayelificha hilo anapanda chuki na kuvuna madeni mabaya. Mkopaji asiyeliuliza anaiweka rehani nyumba ya watoto wake kwa kuona haya. Tuache kuona haya. Tuulize, tuhesabu, tuandike, kisha ndipo tutie sahihi.